Palipofichika Ndipo pa Kukagua: Ukaguzi wa Lazima wa Kebo za Usukani katika Ndege Ndogo

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi, marubani na wamiliki wa ndege ndogo



1. Utangulizi

Ndege nyingi ndogo zinazoruka Afrika Mashariki, kuanzia Cessna 172 za vyuo vya urubani hadi Cessna Caravan zinazopeleka abiria Mafia, Pemba, Lamu na mbugani, huongozwa kwa kebo za chuma. Rubani anapovuta usukani, nguvu ya mkono wake husafiri kwenye kebo nyembamba inayopita chini ya sakafu na kuzunguka puli kadhaa hadi mkiani au mwishoni mwa bawa. Kebo hiyo ikikatika, au ikiunganishwa vibaya, injini inaweza kuwa nzima, mafuta tele na rubani hodari, lakini ndege haitii tena.

Hoja yangu leo ni moja. Kebo huharibika mahali jicho lisipofika kwa urahisi, na ukaguzi wa lazima umewekwa ili utulazimishe kufika hapo. Fundi anayetazama panapoonekana tu hajakagua, hata kama saini yake imewekwa kwa wakati. Nitaeleza mahali pa aina tatu panapojificha hatari: kwenye puli, ndani ya ncha ya kebo, na katika kazi yetu wenyewe baada ya kufungua na kufunga. Kisha nitatoa mapendekezo.

2. Kwenye puli: nyuzi zinazokatika kimyakimya

Kebo ya kawaida ya usukani ina misokoto 7, na kila msokoto una nyuzi 19 za chuma. Jumla ni nyuzi 133 ndani ya unene wa milimita 3 na kidogo. Kebo mpya ya mabati ya kipimo hicho, inchi 1/8, hukatika kwa mzigo usiopungua pauni 2,000, karibu kilo 900. Nguvu hiyo ni kubwa mno kuliko mkono wa rubani, na hapo ndipo tunapojidanganya. Kebo haiishi kwa nguvu iliyotoka nayo kiwandani. Inaishi kwa nyuzi zilizobaki baada ya miaka ya kukunjwa na kukunjuliwa juu ya puli ileile.

Mwongozo wa ukarabati wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, unaojulikana kwa mafundi wengi kama AC 43.13-1B, unataja sehemu zinazochoka zaidi: pale kebo inapozunguka puli, inapopita kwenye tundu la kuiongoza, inapokunjwa au kusuguliwa kwa namna yoyote, na ndani ya futi moja kutoka ncha iliyobanwa. Uzi mmoja ukikatika katika sehemu hizo, kebo inatolewa. Kuhesabu zimebaki ngapi hakumo katika utaratibu huo.

Uzi uliokatika juu ya puli mara nyingi hulala kwenye msokoto wake, hauchomozi. Ndiyo maana tunapitisha kitambaa kuzunguka kebo kwa urefu wake wote ili kinase ncha za nyuzi, na kamwe hatutumii mkono mtupu. Ndiyo maana pia ni lazima usukani usogezwe hadi mwisho wake pande zote mbili, ili kipande kilichokuwa kimekaa juu ya puli kitoke na kuonekana. Anayekagua kebo usukani ukiwa katikati amekagua sehemu zisizochoka.

Kuhusu kulika, nyuzi za nje zikisuguliwa hadi zionekane zimeungana kuwa uso mmoja laini, zimeshapoteza asilimia 40 hadi 50 ya unene wake. Kebo hiyo haina nafasi tena kwenye ndege. Kutu ya juu nayo ni dalili, haijatosha kuwa hukumu. Kebo hulegezwa, hutolewa kwenye puli na kukunjwa kwa uangalifu ili misokoto ifunguke kidogo na ndani paonekane. Kutu ikiwa imeingia ndani, kebo inabadilishwa. Na tusiilowanishe kebo katika petroli au kiyeyushi kwa nia ya kuisafisha, kwa sababu tunaondoa kilainishi kilichomo kati ya nyuzi na kuikaribisha kutu tunayoiogopa.

3. Ndani ya ncha: kwa nini maagizo ya lazima yalitolewa

Kila kebo huishia kwenye ncha ya chuma iliyobanwa kwa mashine, na ncha hiyo huungana na kikazio, kile kifaa chenye uzi wa skrubu tunachokizungusha kupata mkazo unaotakiwa. Kwa miaka mingi ncha hizi zilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 303 Se, kilichoongezewa seleniamu ili kichongwe kwa urahisi. Jina la chuma hicho lilitutuliza tukaacha kuzishuku ncha hizo. Lakini kikikaa muda mrefu chini ya mvuto, mahali penye chumvi na unyevu, hupata vishimo vidogo sana, na kutoka kwenye vishimo hivyo nyufa huanza kupenya ndani. Siku ncha inapokatika, hukatika ghafla. Nje kunaweza kuwa na doa dogo la rangi ya kahawia tu.

Kutokana na taarifa za kebo zilizokatika, FAA ilitoa agizo la lazima namba 2013-02-13 kwa ndege za Piper za familia za PA-28, PA-32, PA-34 na PA-44. Ndege hizi hazina eleveta ya kawaida. Mkia wote wa mlalo hucheza, na kebo zake zikiachia, rubani hupoteza uwezo wa kuinua au kushusha pua ya ndege. Agizo hilo liliweka ukaguzi wa kina wa ncha na vikazio, na kipimo chake kikuu kilikuwa umri wa miaka 15.

Australia ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 mamlaka yake ya usalama wa anga, CASA, ilitoa agizo la AD/GENERAL/87. Halikulenga aina moja ya ndege. Liligusa kebo za usukani wa msingi zenye ncha za chuma cha 303 Se au 304, na likataka ziondolewe zikifika miaka 15. Zile zilizokuwa zimepita umri huo zilipewa hadi tarehe 1 Januari 2018.

Tuone tofauti ya maamuzi haya mawili. Marekani ilisema: kagua kwa kina, rudia. Australia ilisema: ukaguzi wa macho hauwezi kuaminika kwa ufa ulio ndani ya chuma, basi umri uwe ndio ukomo. Yote mawili yana msingi uleule, kwamba saa za kuruka pekee hazipimi maisha ya ncha. Ndege iliyoegeshwa miaka 10 kando ya bahari inaweza kuwa na saa chache na kebo mbovu. Chumvi hufanya kazi hata ndege ikiwa imelala.

4. Katika kazi yetu: kebo nzima, ufungaji mbovu

Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya Beechcraft 1900D, safari namba 5481 ya Air Midwest, ilianguka mara baada ya kuruka Charlotte, jimbo la North Carolina. Watu wote 21 walikufa. Siku mbili kabla, usiku, kebo za eleveta zilikuwa zimerekebishwa mkazo wake. Uchunguzi wa bodi ya usalama ya Marekani, NTSB, ulibaini kwamba vikazio viliwekwa vibaya hivi kwamba eleveta iliweza kwenda chini karibu nusu tu ya kiasi kinachotakiwa. Fundi alikuwa akifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza kwenye aina hiyo ya ndege. Mkaguzi aliyemwelekeza ndiye huyohuyo aliyepitisha kazi, na hatua kadhaa za mwongozo zilirukwa. Ndege iliruka safari kadhaa bila kuonyesha tatizo, mpaka siku ilipobeba mzigo uliosogea nyuma kupita kiasi. Rubani alihitaji eleveta yote kushusha pua, na hakuipata. Ndani ya mwezi huohuo FAA iliagiza ndege za aina hiyo zikaguliwe mfumo wa eleveta.

Kabla mwaka haujaisha, tarehe 26 Agosti 2003, ndege nyingine ya 1900D iliyokuwa ya Colgan Air ilianguka baharini karibu na Hyannis, Massachusetts, na marubani wawili wakafa. Kebo ya trimu ya eleveta ilikuwa imebadilishwa na kufungwa kinyume, kiasi kwamba trimu ilikwenda upande usiotakiwa. Mchoro wa mwongozo wa mtengenezaji wenyewe ulionyesha ngoma ya kebo kwa upande usio sahihi. Hata hivyo, jaribio kamili la utendaji baada ya kazi lingeonyesha kosa ndege ikiwa bado ndani ya hanga.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1961, Lockheed Electra ya Northwest ilianguka Chicago na kuua watu 37 baada ya kebo ya aileroni kuachia kwenye kiungo kilichokosa waya wa usalama. Kazi iliyohusika ilikuwa imefanyika zaidi ya miezi miwili nyuma.

Ajali hizi tatu zinatufundisha jambo moja: ndege kuruka salama baada ya matengenezo si ushahidi kwamba matengenezo yalikuwa sahihi. Ushahidi ni jaribio la mwendo kamili, kwa vipimo vya digrii vilivyoandikwa, likishuhudiwa na mtu mwenye sifa ambaye hakuifanya kazi ile.

5. Mazingira yetu

Maagizo ya lazima hutoka hasa nchi iliyobuni ndege. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, nchi iliyosajili ndege inapaswa kuyapokea na kuyachukulia hatua. Hivyo agizo la FAA linapofika kwa mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania (TCAA), Kenya (KCAA) au Uganda, linakuwa letu. Lakini maagizo hayo yamejengwa juu ya taarifa za waliopata tatizo kwanza, na hapa tuna pengo. Kiambatisho hichohicho kinaweka sharti la mfumo wa kupeleka taarifa za hitilafu kwa mbunifu wa ndege kwa ndege za zaidi ya kilo 5,700. Caravan, Cessna 206 na Piper zote ziko chini ya uzito huo. Tusiposema tunachokiona kwenye ndege zetu ndogo, huenda asiwepo wa kulazimishwa kukisema. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye ndege kifo hicho hakimchukui aliyeficha peke yake.

Na tunayo mengi ya kusema. Ndege inayokwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar hupumua hewa ya chumvi mchana na usiku. Inayotua Seronera au kwenye viwanja vya Masai Mara hurusha vumbi laini linaloganda kwenye grisi na kusugua kebo kwenye kila puli. Ndege moja inaweza kufanya safari za aina zote mbili ndani ya wiki moja. Joto nalo lina sehemu yake. Mwili wa alumini hutanuka kuliko kebo ya chuma, kwa hiyo mkazo uliopimwa asubuhi ya baridi kwenye kiwanja cha Wilson, Nairobi, hautakuwa uleule mchana wa Mombasa. Kipimo cha mkazo kisichoandikwa pamoja na nyuzijoto hakijakamilika.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila ndege iwe na rejista ya kebo: namba ya kipuri, aina ya chuma cha ncha, tarehe ya kufungwa na karakana iliyoitengeneza. Kebo isiyojulikana umri wake ihesabiwe kuwa na umri wa ndege yenyewe.

Pili, waendeshaji wa pwani na visiwani waweke ukomo wa miaka 15 kwa kebo zenye ncha za 303 Se na 304, hata pale ambapo agizo la aina ya ndege yao halijawalazimisha. Bei ya kebo moja ni ndogo sana ikilinganishwa na kile inachokishikilia.

Tatu, kebo zinazotengenezwa karakanani zisifungwe kabla ncha hazijapimwa kwa geji na kebo haijajaribiwa kwa mzigo wa asilimia 60 ya nguvu yake ya kukatika, na cheti cha jaribio kiwekwe kwenye kumbukumbu.

Nne, usukani ukiguswa, mkaguzi wa pili awe mtu huru. Mmoja akae kiti cha rubani, mwingine asimame kwenye bawa au mkia, watamke upande na wapime digrii. Vifuniko vya sakafu visirudishwe kabla ya hapo.

Tano, marubani wasilifanye jaribio la usukani kuwa desturi ya mkono tu. Usukani ukigeuzwa kushoto, aileroni ya kushoto ipande na ya kulia ishuke. Geuza kichwa uone kwa macho yako, kila safari, na hasa ndege inapotoka hanga.

Sita, wamiliki wampe fundi muda. Ndege inayodaiwa saa kumi na mbili asubuhi, huku sakafu yake imefunguliwa usiku wa manane, imeshaandaliwa makosa.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, naomba semina hii isiishie kwenye makofi. Naomba itoke na maazimio mawili. La kwanza, kila mwendeshaji aliye hapa aanze rejista ya kebo ndani ya mwezi huu. La pili, kila kebo inayotolewa kwa sababu ya uzi uliokatika au ncha iliyopata ufa ipigwe picha na kutolewa taarifa kwa mamlaka ya nchi na kwa mtengenezaji, na taarifa hizo zifike pia CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioko Entebbe, ili tatizo lililoonekana Malindi lijulikane Mwanza kabla halijajirudia. Maagizo tunayoyatii leo yalipatikana kwa sababu mafundi wa kwingine waliandika walichokikuta. Tunadaiwa kufanya vivyo hivyo.