Kupima Imani ya Mwenye Duka

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mjimwema, Songea)



Nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya takwimu, niliona nisiwachoshe kwa majedwali. Nimechagua jambo moja tu, nalo ni imani ya mwenye duka la rejareja: anavyoiona biashara yake leo, na anavyotarajia itakuwa miezi mitatu ijayo. Nitaeleza kwa nini jambo hili lipimwe, jinsi linavyopimwa, na kwa nini kipimo chake hakiwezi kusimama pasipo mwenye duka kumwamini anayemwuliza.

KWA NINI TUPIME

Mwenye duka hujua hali ya mifuko ya watu kabla ya ofisi yoyote. Mteja aliyezoea kununua kilo ya sukari akianza kununua robo, yeye ndiye anayeipima hiyo robo. Daftari la madeni likijaa upesi, yeye ndiye anayeliandika. Takwimu zetu za serikali hufika baadaye, na hueleza mambo yaliyokwisha kupita. Mwenye duka anayajua ya leo, na ya kesho anayakisia kwa sababu riziki yake imo humo.

Hapa kwetu Ruvuma makisio yake hufuata mazao. Mahindi yakivunwa, kila mtu husubiri kusikia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula atanunua kiasi gani na malipo yatatoka lini. Mbinga husubiri kahawa, Tunduru korosho, Namtumbo tumbaku. Malipo yakichelewa, mabati hayauzwi, vitenge havitoki, na baiskeli hubaki zimening'inia dukani.

Yafaa tukumbuke, ndugu zangu, kwamba matarajio hayabaki moyoni. Mwenye duka mwenye matumaini huagiza mzigo, huchukua mali kauli kwa mwenye duka la jumla, na huajiri kijana wa kumsaidia. Mwenye hofu hupunguza mzigo, hukataa kukopesha, na yule kijana humwambia apumzike kwanza. Wakiogopa wengi kwa wakati mmoja, dhiki waliyoiogopa huja kweli, hata kama mwanzoni haikuwapo.

Wazee wetu waliomo humu wanayo mifano. Mwaka 1976 ilipotangazwa Operesheni Maduka, ili maduka ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi vijijini, bidhaa zilipungua mahali pengi kabla ya maduka mapya kuwa tayari. Mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, wako waliozificha bidhaa na wako waliozitupa kwa kuogopa kukutwa nazo. Kisha bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, rafu zilianza kujaa tena. Sikuja kuhukumu sera za miaka ile. Nasema tu kwamba hofu na tumaini la mwenye duka vilikuwa na nguvu ya kujaza rafu au kuzimaliza, wala hapakuwa na kipimo chake katika hesabu zetu.

JINSI INAVYOPIMWA

Watu wengi hudhani imani haiwezi kutiwa katika namba. Inawezekana, na njia yenyewe ni nyepesi kuliko mnavyofikiri. Katika mji wa Munich, Ujerumani, taasisi iitwayo Ifo imekuwa ikiwauliza wafanyabiashara tangu mwaka 1949. Haiwaulizi wamepata fedha kiasi gani. Huwauliza kama hali ni nzuri, ya kuridhisha au mbaya, na kama wanatarajia itakuwa nzuri zaidi, vilevile, au mbaya zaidi. Mtu anaweza kujibu bila kufungua kitabu chake cha hesabu.

Tuseme tumeuliza maduka 20 hapa Mjimwema juu ya miezi mitatu ijayo. Maduka 9 yanasema hali itakuwa nzuri zaidi, 6 yanasema itakuwa vilevile, na 5 yanasema itakuwa mbaya zaidi. Tunachukua 9, tunatoa 5, tunabaki na 4. Nne katika ishirini ni asilimia 20. Basi mizania yetu ni 20 juu ya sifuri: wenye tumaini wamewazidi wenye hofu. Ikishuka chini ya sifuri, hofu imeshinda. Namba moja peke yake haisemi mengi. Faida huonekana tukiuliza maduka yaleyale, kwa maswali yaleyale, kila mwezi, tukaona mstari unapanda au unashuka.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina uchunguzi wa namna hii kwa ajili ya biashara ya rejareja tangu mwaka 1984. Huchukua mizania tatu: hali ilivyo sasa, hali inayotarajiwa, na kiasi cha mzigo uliomo stoo. Mizania ya mzigo hugeuzwa alama, kwa maana mzigo uliozidi huko kwao ni dalili ya kukosa wanunuzi. Kisha hutafuta wastani wa hizo tatu.

Jirani zetu nao wameanza. Benki Kuu ya Uganda hupima mwelekeo wa biashara katika ujenzi, viwanda, biashara ya jumla, kilimo na huduma. Nchini Kenya, tangu mwaka 2014, benki ya Stanbic hutoa kipimo cha kila mwezi kutokana na majibu ya makampuni kama 400, na rejareja imo. Kwetu, Benki Kuu ilianza Januari 2024 kuongoza sera ya fedha kwa riba yake, na maoni ya wakuu wa makampuni na mabenki husikilizwa. Hayo ni mema. Lakini mkuu wa kampuni si mwenye duka la hapa Mjimwema.

TUSIIGE BILA KUTAZAMA

Hapa nawaomba wanafunzi wasikilize kwa makini. Kipimo cha wenzetu kikichukuliwa kama kilivyo, kinaweza kutudanganya. Mwezi wa Juni ukikuta stoo ya Songea imejaa, si lazima mwenye duka awe amekosa wateja. Huenda amejaza mzigo akisubiri fedha za mahindi. Na miaka ile ya uhaba, stoo ilikuwa tupu ingawa watu walikuwa na fedha mkononi. Kwa hiyo swali la mzigo lisiulizwe hivi: "Una mzigo mwingi?" Bora tuulize: "Mzigo ulio nao umezidi, unatosha, au umepungua, ukilinganisha na unavyotaka kwa majira haya?"

Vilevile tusilinganishe Februari na Agosti. Januari watu hununua daftari na sare za shule, kuelekea mwisho wa mwaka fedha huenda kwenye mbolea, na baada ya mavuno biashara huchangamka. Agosti ilinganishwe na Agosti iliyopita.

SHARTI LA KUAMINIWA

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye shina la mazungumzo yangu. Katika kazi yangu nimeingia maduka mengi nikiwa na karatasi na kalamu. Swali la kwanza huulizwa mimi: "Wewe ni mtu wa mapato?" Nikijibu siyo, mwenye duka hutazama viatu vyangu, kisha husema biashara ni mbaya. Anayeuza vizuri husema mbaya kwa kuogopa makadirio ya kodi. Anayeuza vibaya naye husema mbaya. Majibu ya namna hiyo, hata yangekuwa elfu moja, hayapimi biashara; yanapima hofu ya kuulizwa.

Hofu hiyo ina gharama. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi na jinsi inavyokusanywa, hata Waziri Mkuu akaenda kuzungumza nao. Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalifungwa tena. Kariakoo ikifunga, mzigo wa Songea nao hukwama njiani. Malalamiko ya namna hiyo hayaoti usiku mmoja. Mtu anayeaminiwa, anayeuliza kila mwezi, angeuona mstari ukishuka mapema, nasi tungezungumza kabla ya milango kufungwa.

Sheria ya Takwimu inakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu. Ni ulinzi mzuri. Lakini mwenye duka haamini sheria asiyoiona ikifanya kazi. Ataamini akiona mambo matatu. Kwanza, hatuandiki jina wala kiasi cha mauzo. Pili, muulizaji haji na mtoza ushuru, leo wala kesho. Tatu, majibu yanarudi kwake, naye ajue wenzake wameonaje kabla hajachukua mkopo au mali kauli. Kama anatupa habari kila mwezi nasi hatumpi kitu, ana haki ya kunyamaza.

PENDEKEZO

Napendekeza shule yetu ianze. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaosoma biashara na hesabu wachague maduka 20 ya jirani, makubwa kwa madogo, pamoja na vibanda. Waulize maswali matatu tu, wiki ya kwanza ya kila mwezi, kwa adabu, na wakikataliwa washukuru waondoke. Matokeo yabandikwe kwenye ubao na nakala ipelekwe kila duka. Maduka 20 hayatoshi kuusemea mkoa, na lisemwe hivyo waziwazi. Yanatosha kuwafundisha vijana kuuliza, kuhesabu na kutunza siri ya mtu. Sisi wanafunzi wa zamani tuchangie karatasi na kalamu, na mimi nitasaidia kuandaa dodoso na kuja kukagua hesabu za mwezi wa kwanza.