Mama naye aende Kalemie

Ndugu wazazi wa Moba, na ninyi mnaotusaidia toka mbali,

Watoto wetu wamepata diploma, chuo kikuu cha Kalemie kinawapokea. Ile siku ya kuwakaribisha, wengi mnasema: tumtume kaka yake, anajua Kifaransa. Sisi tunasema mama aende. Masalimio ya wakubwa, kaka atayasikia. Lakini nyumba atakamolala mtoto, mama njo anajua kuiangalia: maji iko wapi, choo kinafungwa na ndani ao hapana, wanalala wangapi chumba kimoja. Mwaka jana wasichana wetu wawili walirudi mbele ya Noeli sababu ya nyumba, si sababu ya masomo.

Ziwa halina saa, na sisi tuliotoka Mpulungu kwa meli tunalijua. Pandeni boti siku tatu mbele, na unga yenu. Bulletini na diploma zifungwe ndani ya plastiki. Mtu akiwaomba franga koridoni, mkatae; ulizeni biro, mlipe, mchukue risiti.

Kese yetu italipa tiketi ya mama, kwenda na kurudi. Majina yaandikwe kwa sekretere mpaka siku ya tano.