Nembo ya Mji Isifungwe Shimoni mwa Dhahabu



Nimepewa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya nembo za miji yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la mapambo, na kwamba mji wenye upungufu wa maji na madawati hauna haja ya kujadili picha. Lakini mwananchi huiona nembo kwenye barua ya kodi, kwenye ubao wa zahanati na kwenye mhuri wa karatasi anayoidai haki yake. Hapana budi tujiulize: je, anajiona humo?

Jibu jepesi ni kuchora dhahabu na almasi. Jibu hilo lina sababu zake, kwani almasi ya Mwadui imejulikana tangu mwaka 1940, na dhahabu imewalisha wengi. Hata hivyo, historia inatuonya. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Kwa miaka zaidi ya thelathini, nembo ya tofali la dhahabu ingalikuwa inatangaza mali iliyolala ardhini. Huko Kahama, mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009, na ilipofika mwaka 2021 uzalishaji wake ulikuwa umekoma. Mtoto aliyezaliwa mwaka ulipofunguliwa alikuwa bado shuleni ulipofungwa.

Je, tubadili nembo kila mgodi unapokwisha? La, hasha. Mji unaobadili sura kila mara hautambuliwi na mtu. Njia iliyo bora ni nembo nyumbufu, yaani yenye sehemu isiyobadilika na sehemu inayopokea mambo mapya. Mji wa Porto, nchini Ureno, ulifanya hivyo mwaka 2014. Jina la mji na mtindo wa kuchora vilibaki vile vile, lakini zikachorwa alama zaidi ya 70 za majengo, mto na maisha ya watu, zote zikiwa na mistari ya buluu inayokumbusha vigae vya kuta zake.

Sisi wenyewe si wageni wa fikra hiyo. Mwaka 1964, rangi za Tanganyika na rangi za Zanzibar ziliunganishwa katika bendera moja, na kila upande ukajiona ndani yake. Katika Nembo ya Taifa, miguuni pa mwanamume na mwanamke waliosimama umo mkarafuu pamoja na mpamba. Mkulima wa Shinyanga hakusahauliwa.

Pendekezo langu ni hili. Sehemu ya kudumu iwe duara nene mfano wa uzio wa boma, na jina la mji chini yake kwa herufi za aina moja. Ndani ya duara kila idara iweke alama yake: tawi la pamba, pembe za ng'ombe, sururu ya mchimbaji mdogo, au mti wa ngitili, ile hifadhi ya malisho ya Wasukuma iliyofufuliwa kwa juhudi kubwa baada ya mpango wa HASHI kuanza mwaka 1986. Shughuli mpya ikizaliwa, alama yake itaongezwa bila kuvunja uzio.

Lakini unyumbufu si fujo. Kila alama isomeke kwenye mhuri wa mpira wenye rangi moja, itambuliwe na mtu asiyejua kusoma, na ichorwe kwa unene ule ule wa mstari. Halmashauri iweke kijitabu cha kanuni hizo katika kila ofisi, ili karani mpya asijitungie nembo yake.

Ndugu walimu, kazi hii ianzie kwenu. Kabla ya kumwita mchoraji, waulizeni wanafunzi ni kitu gani kitakachobaki mjini kwao siku dhahabu itakapokwisha. Majibu yao ndiyo yanayostahili kuwekwa ndani ya duara.