Pole si Fidia

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Tunayatuma kwa waliokosa kufika. Wasambazie na wenzako wa kazini.*



Wengi wetu hapa tunaamkia viwandani, wengine kwa ajira, wengine kwa kibarua cha siku. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja alikatwa vidole viwili na mashine. Alipotoka hospitali alipewa laki mbili kwenye bahasha, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba mambo yameisha. Hajasaini. Amekuja kuuliza, na jibu nililompa nataka wote mlisikie: pole ni pole, fidia ni fidia. Ya kwanza ni hisani, ya pili ni sheria.

Sheria yenyewe ni ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Ukiona mshahara wako umekatwa kwa jina la Mfuko huo, uliza.

Tupige hesabu. Mchango wa mwajiri ni nusu asilimia ya mshahara. Kwa anayelipwa 300,000, ni 1,500 kwa mwezi. Huyo akiumia akashindwa kufanya kazi kwa muda, fidia ni asilimia 70 ya mshahara, yaani 210,000 kwa mwezi, na inaweza kufika miezi 24. Matibabu ni juu yake tena. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari wanaupima kwa asilimia: usiozidi 30 analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo analipwa pensheni ya kila mwezi. Akifariki, kuna msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi. Sasa iweke ile laki mbili pembeni ya hesabu hii.

Najua hofu ya vibarua: ukisema, kesho getini huitwi. Na wengine wanaambiwa hawana mkataba. Ndugu zangu, mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Na fidia haitoki mfukoni mwa bosi, inatoka kwenye Mfuko. Mwajiri aliyejisajili na anayechangia hana sababu ya kuficha ajali. Kama hajajisajili, kosa ni lake, si la aliyeumia.

Ukiumia, au mwenzako akiumia, fanyeni hivi:

1. Toa taarifa kwa msimamizi siku hiyohiyo, na hakikisha imeandikwa. Shika majina ya walioona.
2. Hospitali sema wazi kwamba umeumia kazini. Tunza kila karatasi.
3. Kusanya ushahidi wa kazi: kitambulisho, hati ya mshahara, picha ya daftari la mahudhurio, hata ujumbe wa malipo ya simu.
4. Mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwenye Mfuko. Akikaa kimya, nenda mwenyewe ofisi ya WCF.
5. Usivuke miezi 12 tangu ajali. Baada ya hapo haki inaweza kupotea.
6. Usisaini karatasi usiyoielewa, hasa ukiwa bado na maumivu.

Na kabla ya ajali: vifaa kinga ni wajibu wa mwajiri kutoa, bila kukukata. Mashine iliyotolewa kizuizi chake isemewe mapema, kwa msimamizi, na ikibidi OSHA.

Tawi halina fedha za kumlipa mtu fidia, wala sitaahidi. Tunachoweza ni kusoma karatasi pamoja, kujaza fomu na kusindikizana. Jumamosi nipo ofisini kuanzia saa tatu asubuhi. Hakuna malipo, na hatutauliza kadi ya mtu. Mashine haikuuliza.



*Katibu wa Tawi*