Kwa Nini Chumvi Hulowa
(Maneno ya hotuba kwa wenye maduka na kina mama wa Masimba, Kisii)



Nataka kusema machache juu ya kitu ambacho hapana nyumba hapa Masimba isiyokuwa nacho, nacho ni chumvi. Wakati wa masika, mama huacha chumvi kavu katika kibakuli jioni, na asubuhi huikuta imelowa na kushikamana. Mwenye duka naye huona majimaji chini ya gunia lake. Mnunuzi apewapo chumvi ya namna hiyo hunung'unika, akisema kwamba imetiwa maji ili uzito uzidi. Ugomvi huo nimeusikia mara nyingi, na mara nyingi anayeshtakiwa hana hatia. Mwenye kosa ni hewa.

Hewa daima huchukua maji ndani yake kwa hali ya mvuke, ijapokuwa hatuyaoni. Hewa ya joto yaweza kuchukua mvuke mwingi, na hewa ya baridi kidogo tu. Basi jua likichwa katika vilima vyetu na baridi ikaingia, hewa ile ile iliyokuwa kavu mchana hukaribia kujaa. Tena nchi hii ya Kisii hupata mvua karibu kila mwezi, kwa hiyo mvuke haukosekani.

Sasa tuitazame chumvi. Chembe zake huvuta maji na kuyashika. Ikiwa hewa ina mvuke usiofika sehemu 75 katika kila 100 za kiasi inachoweza kuchukua, chumvi safi hukaa kavu. Mvuke ukipita kiasi hicho, maji yaliyoshikwa huanza kuyeyusha chembe, na maji hayo ya chumvi huzidi kuvuta mvuke mwingine. Hewa ikikauka tena, maji huondoka, na chembe zilizoanza kuyeyuka huungana. Hiyo ndiyo asili ya mabonge.

Lakini mtu mwerevu atauliza: Mbona chumvi nyingine hulowa hata siku ya jua? Jibu liko pwani. Kaskazini ya Malindi, sehemu za Gongoni na Marereni, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana ili yakaushwe na jua. Maji hayo hayana chumvi ya kawaida peke yake. Yana pia chumvi chungu iitwayo kloridi ya magnesi, nayo huanza kulowa mvuke ukiwa sehemu 33 tu katika 100. Chumvi ya kawaida huganda kwanza, na ile chungu hubaki katika maji ya mwisho, ambayo huondolewa. Chumvi isiyosafishwa vizuri hubaki na uchungu huo, nayo hulowa upesi.

Jambo hili si la kuudhi tu. Tangu mwaka wa 1978 sheria ya Kenya imeagiza chumvi ya kula itiwe ayodini, kwa kuwa nchi za milima zenye mvua nyingi mara nyingi huwa na ayodini kidogo katika udongo wake. Mtu akiikosa aweza kuota rovu shingoni. Na mama mja mzito akiikosa, ubongo wa mtoto aliye tumboni waweza kudhurika. Chumvi inapotiririsha maji chini ya gunia, ayodini huenda pamoja nayo. Inayobaki juu ni nyeupe vile vile, na ladha yake ni ile ile, wala mnunuzi hajui alichopoteza.

Kwa hiyo, mwenye duka na aweke magunia juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mama na aweke chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa chungu, na achote kwa kijiko kikavu. Punje chache za mchele ndani yake husaidia kunywa unyevu. Chumvi ikilowa, usiyamwage maji yake, bali uikoroge na kuitumia. Wala usiianike juani au kuikausha motoni, maana joto hupunguza ayodini.

Kifuniko ni kitu kidogo, lakini wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.