Elimu na Amali: Hotuba Juu ya Kuanzisha Nyumba ya Utafiti Kisegi



 Jambo nililoagizwa kulieleza ni hili: je, yafaa Chama chetu kianzishe hapa Kisegi nyumba ya utafiti, yaani mahali ambapo maarifa na ufundi wa kisasa vitatumiwa kutafuta dawa ya shida za watu wetu? Najua kwamba baadhi yenu mmekwisha kusema neno hilo limepita kimo chetu. Wengine mwauliza, na mna haki kuuliza, kwa nini fedha chache tulizo nazo zisiende zote katika karo za watoto. Nitayajibu maswali hayo mawili kwa mambo yaliyokwisha kutendeka, tena katika ufuko wa Ziwa hili hili letu.

Wengi wenu mwalijua jina la marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki mwaka 2003. Alisoma Makerere, kisha akaenda Cambridge, Uingereza, kujifunza elimu ya wadudu. Aliporudi nyumbani hakuridhika kufundisha tu yale aliyofundishwa. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Marekani liitwalo Science, akitaka sayansi itumikie maendeleo ya Afrika Mashariki. Mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 39, alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, kinachojulikana kwa jina la ICIPE. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wadudu wanaokula mahindi yetu na kuwauma watoto wetu wanaishi kwetu, basi yapasa wachunguzwe kwetu, na wana wa Afrika wawe miongoni mwa wachunguzi, si wabeba mizigo wao. Kituo hicho kikapata tawi Mbita, na leo tawi hilo laitwa kwa jina lake.

Sasa tutazame kazi iliyofanyika Mbita, maana mti hujulikana kwa matunda yake. Kila mkulima hapa ana maadui wawili wa mahindi. Wa kwanza ni funza anayetoboa bua. Wa pili ni kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau, ambalo sisi twaliita kayongo. Gugu hilo huushika mzizi wa mhindi chini ya udongo na kunyonya chakula chake. Mmea mmoja hutoa mbegu ndogo kama vumbi kwa makumi ya maelfu, na mbegu hizo zaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi zikingoja mahindi. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE wakiongozwa na Dakta Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na wa utafiti wa kilimo wa Kenya, walijaribu mimea ya namna nyingi. Wakaona kwamba mmea uitwao desmodiamu, ukipandwa katikati ya mistari ya mahindi, hutoa harufu inayomfukuza nondo mzazi wa funza. Na nyasi za nepia zikipandwa kuzunguka shamba humvuta nondo huyo nje, akatage mayai mahali ambapo watoto wake wengi watakufa. Ndiyo maana kilimo hicho chaitwa vuta-sukuma.

Lakini sikilizeni jambo lililofuata. Katika mashamba yale yenye desmodiamu, wachunguzi waliona kayongo nayo imepungua, jambo ambalo hawakulitafuta. Walipochimba sababu, waligundua kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu ya kayongo, na nyingine zinazoizuia kushika mzizi wa mhindi. Basi huota na kufa kwa njaa. Ugunduzi huo ungalipatikana wapi, kama si katika udongo wenye kayongo? Maabara iliyo katika nchi isiyo na gugu hilo isingaliona lolote. Tangu mwaka 1997 kilimo hicho kilipelekwa katika mashamba ya wakulima wenyewe, nao wakakipenda kwa sababu ya ziada: nepia na desmodiamu ni malisho ya ng'ombe.

Mfano wa pili ni Rusinga, ng'ambo kidogo ya Mbita. Kati ya mwaka 2012 na 2015 wataalamu wa ICIPE na wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, pamoja na watu wa kisiwa, waliweka katika nyumba mitego ya mbu inayoendeshwa kwa nguvu za jua. Mtego ule una harufu iliyofananishwa na ya mwanadamu. Mbu huifuata, na pangaboi humvuta ndani. Matokeo yalipopimwa, malaria katika nyumba zenye mitego ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 kuliko katika nyumba zilizokuwa bado hazijapata, na mbu wa aina ya Anopheles funestus walikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70. Pamoja na mtego, kila nyumba ilipata taa na mahali pa kuchajia simu. Mtoto aliyesomea taa ile usiku hakuhitaji kuhubiriwa faida ya utafiti.

Hata hivyo, kila chombo cha namna hiyo huleta swali lake: betri ikichoka, ni nani atakayeibadilisha, na kwa fedha ya nani? Pangaboi ikisimama, fundi yuko wapi? Ufundi usio na fundi wa karibu hugeuka pambo la ukutani. Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nami naongeza kwamba amali yenyewe yataka matengenezo.

Nirudi kwa swali la karo. Sisemi tuwanyang'anye watoto wetu shilingi hata moja. Lakini tutazame jambo ambalo kila mzazi hapa alijua. Twamsomesha mtoto, akifuzu huenda Nairobi au Kisumu, na mara nyingi hana la kurudia hapa ila mazishi na sikukuu. Tukiwa na mahali ambapo elimu yake yahitajiwa, tutakuwa tumeilinda karo tuliyolipa.

Na swali la kimo chetu? Hatuna uwezo wa kujenga Mbita ya pili, wala hatuna haja. Ninaloomba Mkutano ulikubali ni mambo matatu madogo.

La kwanza ni Daftari la Maswali. Kila kijiji kilete shida zake ziandikwe: kwa nini omena huoza juu ya nyavu nyakati za mvua, na kama laweza kupatikana kaushio la jua ambalo mama mmoja aweza kulinunua, ni ufuko gani watoto hupata kichocho zaidi, ni kisima gani hukauka kwanza. Wavuvi na akina mama wachuuzi waandikishe kabla ya sisi wenye kalamu.

La pili ni kipande kimoja cha shamba, kigawanywe nusu kwa nusu. Upande mmoja tulime kama desturi, wa pili kwa vuta-sukuma, na mavuno yapimwe kwa mizani moja mbele ya watu wote.

La tatu ni vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, waliomaliza shule, wapewe posho ya kutunza daftari na vipimo. Nasi tuwaombe wakuu wa kituo cha Mbita wawapokee kwa mafunzo.

Naweka na masharti. Matokeo yasomwe barazani kwa lugha inayosemwa nyumbani, si kufungiwa kabatini. Jaribio likishindwa, liandikwe kwamba limeshindwa, maana asiyeandika hasara atairudia. Asipimwe mtu afya yake, wala mtoto wake, bila ridhaa yake. Na hesabu ya fedha isomwe hapa kila mwaka pamoja na hesabu nyingine za Chama.

Ndugu zangu, kwa muda mrefu wageni wamekuja kwetu na karatasi za maswali, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Na majibu yetu yakasomwa mahali ambapo sisi hatufiki. Nyumba hii ndogo ikisimama, maswali yatakuwa yetu, na majibu yatabaki hapa. Na mgeni mwenye maarifa akija, tutampokea kwa furaha kubwa zaidi, kwa kuwa tutakuwa na daftari la kumfungulia.

Bwana Mwenyekiti, naliweka jambo hili mbele ya wanachama walijadili na kulipigia kura.