Kazi Haianzi Kutafutwa Siku ya Mahafali



Kila Oktoba inapokaribia, wakulima wa Kericho na Bomet wanaopeleka majani ya chai kwenye viwanda vya shirika la chai la KTDA huanza kuulizana habari za bonasi. Fedha hizo huezeka nyumba, na katika maboma mengi ndizo zinazolipa karo ya Chuo Kikuu cha Kabianga au chuo cha Bomet. Mzazi aliyesomesha mtoto kwa majani mawili na chipukizi ana haki ya kuuliza: ukimaliza, utafanya kazi gani?

Maoni yangu ni kwamba swali hilo lianze kujibiwa mwaka wa kwanza. Wanafunzi wengi huliahirisha mpaka joho lirudishwe, ndipo bahasha za kaki zianze kuzungushwa mjini.

Najua kazi ni chache. Mashine za kuchuma zimewaondoa watu wengi mashambani, na Mei 2023 hasira ilifika hadi mashine kuchomwa moto hapa Kericho. Uchungu huo ni wa haki. Lakini fuata jani baada ya kupimwa kituoni. Kiwandani hunyaushwa, hukatwa, huachwa lichachuke, hukaushwa, kisha hupangwa kwa madaraja, BP1, PF1 na mengine, kabla ya kwenda mnadani Mombasa. Kila hatua inahitaji mtu mwenye ujuzi: fundi wa boila, mwonjaji, mhasibu, mkemia. Taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Timbilil ndiyo iliyotoa mche wa chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011. Hiyo ni kazi ya watu waliosomea mimea, na imefanyika papa hapa Kericho.

Basi mwanafunzi aingieje? Mlango ulio karibu ni atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Wapo wanaoichukua kama mhuri wa kukamilisha kozi, na daftari lao husema kila siku, "Nilisaidia ofisini." Mwingine anaandika: "Nimepima unyevu wa majani kwenye vitanda vya kunyaushia. Kitanda cha tatu kimechelewa, nimemwarifu msimamizi." Sentensi hiyo ya pili ndiyo wasifu wenyewe. Ihamishe kwenye barua ya maombi, na ufute yale maneno "naomba kazi yoyote." Meneja hawezi kukupa nafasi ambayo wewe mwenyewe hujaitaja.

Mtaniambia kazi hupatikana kwa kujuana. Kweli, upendeleo upo, na ni dhuluma kwa mtoto wa mchuma chai asiye na mjomba ofisini. Lakini msimamizi aliyekuona ukifika mapema na kuuliza maswali ya maana naye amekujua, na neno lake lina uzito.

Nanyi mameneja, mwanafunzi aliyeletwa kwenu asimalize miezi mitatu akitoa nakala na kupeleka chai mezani. Mpeni kazi inayopimika, mumsahihishe akikosea.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili unayenisikiliza, usingoje likizo ndefu ifike. Wiki hii nenda ofisi ya ushauri wa kazi chuoni, chagua kiwanda kimoja, uliza nani anapokea wanafunzi, uandike barua ukitaja idara unayoitaka. Karo yako imeshalipwa kwa jasho la watu. Anza kuipa thamani sasa.